Yabisi, Kimiminika na Manukato ya Mkaguzi

Darasa la kwanza walimwita Mwalimu Kwaruza, maana magoti yake yalisikika kabla hajafika mlangoni. Naye hakukasirika. Ukifundisha watoto miaka thelathini na mmoja, unakuwa umeshabandikwa majina mabaya kuliko hilo.

Siku hiyo mkaguzi alikuwa anakuja kuamua kama Kwaruza abaki darasani au apelekwe stoo kulinda chaki. Mwalimu mkuu alimtonya kwamba wakaguzi wa siku hizi hawataki maneno matupu, wanataka zana. Basi Kwaruza akaomba barafu kwenye friji ya mkwe wake, akaitia kwenye kopo la plastiki, akaibeba kama yai.

Mkaguzi aliahidi saa mbili. Akafika saa tano na nusu, akilaumu barabara. Akakaa benchi la nyuma, lile la watoto, magoti yakamfika kidevuni.

Kwaruza akafunua kopo. Maji, tena ya uvuguvugu. Mkaguzi akachomoa kalamu; mtafuta kosa haazimi wino.

"Nani ataniambia yabisi ni nini?" mkaguzi akawauliza watoto.

Binti wa fundi viatu, ambaye mdomo wake haukujua foleni, akasimama. "Ni magoti ya Mwalimu. Alisema mwenyewe ana baridi yabisi."

Darasa likaangua kicheko. Kwaruza akaiona stoo, akaliona na kufuli lake.

"Na kimiminika?"

"Hiyo barafu. Asubuhi ilikuwa yabisi, ikakusubiri mpaka ikachoka."

Kalamu ikasita. Mkaguzi akauliza kuhusu gesi, kwa sauti ya mtu anayejua kabisa kwamba ingekuwa heri anyamaze.

"Ni manukato yako, Mzee. Hayashikiki, yamejaa darasa zima, na yaliingia kabla yako."

Mkaguzi akaona heri aage. Akajaribu kuinuka, magoti yakalia ko-ko, akakwama katikati, si wa kukaa si wa kusimama. Kwaruza akamwendea akikwaruza, akampa mkono, akamnong'oneza aanze na la kushoto.

"Yabisi," akasema binti wa fundi viatu. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anarudia somo.

Kwenye fomu, mahali panapoulizwa kama zana za kufundishia zipo, mkaguzi aliandika: "Zipo. Nyingine nimekuja nazo mwenyewe. Mwalimu abaki darasani."