Siku Mama Alipobebwa kwa Ingobyi Akiwa Mzima

Wenzangu, aibu hii ningeizika kama ningepata udongo, lakini Kanzenze kwa babu ni mawe ya volkano tupu, huwezi kuzika hata kiatu, donc wacha niitoe mwenyewe kabla binamu zangu hawajawasimulia vibaya zaidi.

Ilianza na biskuti. Tulikuwa tunatoka Gisenyi kwenda kwa babu, baba yake baba, kuvuna viazi wakati wa likizo, na Mama akaniachia mfuko wetu niufunge. Katikati ya nguo nikakuta pakiti mbili za kotex, zile pedi za mwezi, alizoziweka yeye, nikacheka peke yangu kama mwehu, maana Mama alikuwa amefunga uzazi miezi michache nyuma (tuko watoto watano, na mimi peke yangu nasumbua kama watatu, mnamwelewa), na katika akili yangu mtu akishafungwa amefungwa, bomba limezibwa, damu ipitie wapi? Tena miaka yote ya sindano za kupanga uzazi sikumbuki kumwona akihangaika na mambo hayo. Nikazitoa kotex, nikapachika biskuti. Nafasi ilitosha sawasawa, nikaona ni mkono wa Mungu.

Kesho yake, tukiwa tumeshafika kwa babu, Mama hakwenda shambani. Alijikunja kwenye mkeka, magoti kifuani, jasho usoni, akaniambia ni tumbo tu, niende na wengine. Mi kwa huruma nikapita nyuma ya nyumba kumtafutia maji, nikakuta beseni limefichwa kwenye kona ya ua, ndani yake kitenge chake cha zamani kimechanwa vipande, na maji mekundu. Napenda mzaha kuliko chakula, lakini pale mzaha wote uliniisha. Nilijua jambo moja tu: uzi wa daktari umekatika, mama yangu anavuja kwa ndani, anakufa, na mi niko na makombo ya biskuti mdomoni.

Mwenye akili angerudi ndani akamuuliza. Mi nilikimbia njiani nikilia kwamba Mama anakufa.

Sasa, kule kwa babu habari ya mgonjwa haisemwi mara mbili. Pikipiki haziwezi kubeba mgonjwa kwenye yale mawe, kwa hiyo majirani wana ingobyi yao, kile kitanda cha kusukwa ambacho wanaume hubebea wagonjwa mabegani, na hakuna anayeuliza zamu ni ya nani. Kabla sijamaliza machozi walikuwa uani, na mbele yao babu mwenyewe, na kofia yake, ameshika mti wa kubebea.

Mama alijaribu kusimama. Alisema yeye ni mzima, alisema ni tumbo la kawaida, aliomba wamwache alale. Babu akamuuliza kwa upole ni tumbo gani la kawaida linaloliza mtoto namna ile. Haya, mkwe atajibu nini? Kwetu mwanamke hata jina la baba mkwe halitamki, seuze kumweleza habari za mwezi wake mbele ya wanaume wa mlima mzima. Mama akanitazama ninavyolia, akapanda ingobyi na kulala kama maiti yenye hasira.

Tukateremka, wanaume mbele, wanawake nyuma na majembe yao, mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani (na mi ule wimbo nilikuwa nimeusikia kwenye mazishi tu). Nilimshika Mama mkono nikimsihi asifunge macho. Penye kona akanivuta sikio.

"Mutoto, kotex zangu uliweka wapi?"

Nikajua anaweweseka. "Mama, we si ulifungwa?"

"Nilifunga kuzaa. Sikufunga mwezi."

Nikamwambia zimebaki nyumbani, mahali pake niliweka biskuti. Akafumba macho mwenyewe. Waliokuwa nyuma wakamwona amefumba, wimbo ukapanda. Nikamkimbilia babu kumwambia nadhani amepona, naye akageuka, akaona macho yamefumba, akaongeza mwendo.

Kwenye kituo cha afya muuguzi aliwatoa nje wote isipokuwa mi, akampima Mama, akamhoji taratibu, halafu akanigeukia na kuniuliza nilidhani nini. Nikamweleza mambo ya bomba na uzi. Hakucheka, na hiyo ndiyo iliniuma.

"Kilichofungwa ni mirija, ile inapitishaka yai," akasema. "Kizazi hakuna mutu aligusa, kila mwezi kinajitengeneza na kumwaga damu kama zamani. Sindano ndiyo ilikuwa inamupunguzia. Ameiacha, basi mwezi wake umerudi vile ulikuwaga, na maumivu yake."

Akamwambia Mama kama damu itazidi sana au haitakatika arudi, na siku mwezi ukikosa kuja arudi pia, asidhani kufungwa ndiko kumeukausha. Akampa dawa ya maumivu na kotex, akatoka.

Hapo ndipo nililia kweli, bila hata kelele. "Nilizani unakufa."

"Niko, mutoto wangu. Niko." Akanifuta kamasi kwa ncha ya kitenge, mimi niliyemvunjia heshima kutoka mlimani hadi bondeni.

Nje babu alikuwa anangoja, kofia mkononi. Akauliza ni nini. Ikabidi mi nijibu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikasema karibu ukweli: "Ni biskuti, Babu. Biskuti ndizo zimeleta haya yote."

Babu akatikisa kichwa, akaamuru arudishwe vilevile alivyokuja. Mama hakubisha. Wakambeba kuipanda milima yote, na majirani wakaleta maziwa, na jembe hakuligusa hadi tulipoondoka. Njiani aliniita karibu na ingobyi, nikajiandaa kwa kofi.

"Bibi-harusi wa zamani walikuwa wanabebwa hivi," akaninong'oneza. "Mi nilikujaga huku kwa pikipiki, na mvua. Leo ndiyo nimeolewa muzuri."

Sasa mfuko wake naufunga mimi kila safari, kotex kwanza, na biskuti nakula kabla hatujatoka. Na nikiona damu, hata iwe beseni zima, naenda kwanza kwenye sikio la mwenyewe.