Wimbo wa Kumfukuza Mume

Baba mdogo hasikilizi mtoto. Ukiongea naye anangoja tu umalize, kama mtu anayengoja matangazo ya redio yapite.

Wimbo ule aliuokota kazini, kwenye ghala huko Okolona, anakopakia maboksi pamoja na Wameksiko. Ni wimbo wa sasa, wa kuchezea dansi, lakini ndani yake mna tarumbeta na fidla za harusi zao za zamani. Mimi mwenyewe naupenda, niseme ukweli. Yeye alisikia neno moja tu, Dios, Mungu, akaamua ni pambio. Akauleta kwenye kwaya yake ya kanisani, hapa mtaani kwetu Beechmont, na kwa kuwa nasoma Kihispania shuleni, akasema mimi ndiye nitakayeimbisha.

Mimi! Ambaye darasani nikiitwa jina tu, masikio yanawaka moto.

Nikamuuliza rafiki yangu Mmeksiko maana ya maneno yote. Alicheka mpaka akalaza kichwa kwenye dawati. Ni mwanamke anamfukuza mume mlevi: beba buti zako, toka nyumbani kwangu. Na huyo Mungu je? "Ni kama mama yako anavyosema Mungu wangu akikuta vyombo havijaoshwa."

Nikamwambia baba mdogo jikoni, mbele ya mama.

"Bon. Weye mutoto unanifundisha Mungu?" akasema, kwa Kiswahili chake cha nyumbani chenye Kifaransa ndani. "Ile ni ya sifa. Njo maana wanaiimba na nguvu."

"Lakini rafiki yangu anasema..."

"Rafiki yako anaimba kwaya gani?"

Mama akacheka. Kicheko chake kiliniuma kuliko maneno ya shemeji yake.

Na Jumapili ya kuuimba haikuwa ya kawaida. Wameksiko tunaotumia nao jengo la kanisa walialikwa tuabudu pamoja, na shangazi zangu wa Columbus na Buffalo walikuwa wanatazama kwenye simu. Nionekane mjinga mbele ya watu wanaoelewa kila neno, kwa kosa ambalo nilishalisema!

Nikaimba. Mstari wa kwanza sauti ilitetemeka kwa aibu. Wa pili nikamtazama baba mdogo anavyopiga makofi, macho ameyafumba, na hasira ikanipa sauti ambayo sijui ilikuwa imejificha wapi. Nilimfukuza, yeye na buti zake. Akina mama wa Kimeksiko walijiziba midomo. Mmoja akashindwa, akapiga ukelele mrefu wa harusini.

"Amina!" baba mdogo akapaza sauti. "Roho ameshuka!"

Ibada ilipoisha, mchungaji wa Wameksiko alimshika bega pale mlangoni, akamnong'oneza kitu huku akicheka. Uso wa baba mdogo ukabadilika. Akanijia.

"Ule wimbo inasema nini?"

"Si ulisema ni wa sifa?"

"Nakuuliza na heshima, mutoto yangu."

Heshima! Mpaka mwanamume mwenye tai aseme ndipo nami nina mdomo.

"Muulize mchungaji," nikasema, nikatoka kwenda kituo cha basi. Mama aliniita, akaniita tena. Sikuitika.