Leo Mwalimu Mkuu Hayupo

Mwalimu Clotilda alikuwa na sauti. Alizaliwa Marangu, akapanga chumba Buguruni, na kwa miaka mingi alifundisha darasa la kwanza katika shule moja ya Kariakoo ambayo madirisha yake yanatazamana na spika za wauza viatu. Pale, asiye na sauti hafundishi. Inasemekana siku moja aliposema "Kaeni!", hata mchuuzi aliyekuwa akipita nje alikaa.

Kisha akaletwa Shreya.

Alikuwa na miaka saba, binti wa Anjana na Ketan, wenye duka la vitambaa mtaa wa pili. Mama yake alimfikisha hadi mlangoni mwa darasa.

"Mwalimu, daktari alituambia ana usonji. Anaelewa mengi. Kusema ndiyo shida."

"Usijali, Mama Shreya. Tutaenda naye taratibu."

Hawakuenda taratibu. Kila kipindi kilipoisha, Shreya alipiga kelele, akaingia chini ya dawati na kuziba masikio. Clotilda alipomwita, kelele zilizidi. Alipomwita kwa ile sauti yake, Shreya alimng'ata mkono. Clotilda akapaka spiriti, akaendelea na hesabu.

Jumamosi moja alienda dukani kwa akina Shreya kutafuta kitambaa cha gauni la kipaimara la mpwa wake. Alimkuta mtoto amekaa juu ya jora, kimya. Wateja walipishana, wasukuma mikokoteni walipiga miluzi, yeye katulia. Ketan alipoanza kushusha mlango wa chuma, Shreya alishuka, akavaa viatu, akasimama tayari kuondoka.

"Kumbe hapa halii?" Clotilda akauliza.

"Hapa anaona," Anjana akajibu. "Baba yake akishusha mlango, anajua tunaenda. Ukimwambia kwa mdomo tu, maneno yanampita."

Clotilda alirudi nyumbani bila kitambaa. Njia nzima alijaribu kukumbuka semina moja ya walimu, ambapo mwezeshaji alieleza jinsi ya kutumia picha kwa watoto wenye usonji. Sehemu ya kabla ya chakula cha mchana aliikumbuka vizuri. Picha zilikuwa baada ya chakula.

Akaanza kwa kuchora mwenyewe. Alichora kikombe cha uji, akampa Shreya. Shreya alikitazama, akavua kiatu.

Basi akaacha kuchora, akapiga picha kwa simu: uso wake mwenyewe, ubao, daftari, sufuria ya uji, choo, geti. Akazichapisha, akazipigisha plastiki, akafunga kamba kando ya dawati la Shreya na kuzibana kwa vibanio vya nguo, kwa mpangilio wa siku. Jambo likiisha, picha yake inatolewa na kutumbukizwa kwenye kopo.

Mwanzoni Shreya alichukua picha ya geti kila asubuhi na kuiweka ya kwanza. Clotilda akairudisha mwisho, bila kusema neno. Wiki zikapita hivyo. Kisha siku moja hesabu ilipoisha, Shreya alinyanyuka, akaitoa picha ya daftari, akatazama iliyofuata, akaenda kwenye uji kwa miguu yake. Clotilda aligeukia ubao, akaandika tarehe. Tarehe ilikuwa imeshaandikwa.

Siku kuni zilipolowa na uji ukakosekana, alikata alama ya mkasi, ile X ya kukosa, kwa karatasi nyekundu, akaibana juu ya picha ya sufuria: leo hakuna. Shreya alilia, lakini juu ya kiti.

Mwalimu mkuu, Ansbert, hakupendezwa. "Mwalimu Clotilda, darasa limekuwa studio."

"Mkuu, na wewe nahitaji picha yako. Unaingia kila Jumatatu kukagua, mtoto anashtuka."

Ansbert alikataa, kisha akanyoosha tai.

Jumatatu iliyofuata aliingia na kuukuta uso wake kwenye kamba, kati ya daftari na sufuria. Juu ya uso kulikuwa na mkasi mwekundu. Chini ya dawati kulikuwa na Shreya, analia.

"Hii maana yake nini?" akauliza.

"Maana yake leo hupo, Mkuu."

"Lakini nipo."

"Ndiyo maana analia."

"Nani ameuweka?"

"Yeye mwenyewe. Mimi sijagusa. Mkuu, huyu mtoto hajawahi kumwambia mtu yeyote hapa shuleni anachotaka. Hili ndilo la kwanza."

Ansbert aliitazama picha yake. Darasa zima lilimtazama yeye. Mwishowe alisema, "Basi nitakuja kesho," akatoka, akafunga mlango polepole. Kesho yake alikuja, na kwenye kamba hapakuwa na mkasi. Shreya alibaki kwenye kiti, ingawa alimpa mgongo.

Shreya hajawa msemaji. Bado hung'ata, mara chache, na huchagua wageni.

Likizo ya Juni, Anjana alimpigia simu Clotilda Jumapili asubuhi.

"Mwalimu, samahani. Tulimbandikia ratiba ya nyumbani. Leo ametoa picha yako kwenye begi la shule, ameiweka mchana, kabla ya chakula. Sasa amekaa mlangoni, hataki kuondoka."

Clotilda alikuwa ametoka ibadani, na nguo zake zilikuwa zimelowekwa kwenye beseni. Alizitazama.

"Mnakula saa ngapi?" akauliza, huku akitafuta viatu.