Sweta ya Kijani ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alirudi likizo ya Juni na karatasi kutoka shuleni: bila sweta ya kijani, asirudi bwenini. Mimi niliacha shule darasa la sita, mwaka waliofariki wazazi wetu, na kitu nilichokiogopa kuliko njaa ni kumwona yeye naye akibaki nyumbani.

Mnadani mitumba ilikuwa imejaa turubai baada ya turubai, lakini sweta ya kijani iliyokuwapo ilikuwa moja, ya mtu mzima, imetoboka viwiko. Niliichukua kwa ajili ya uzi wake. Muuzaji akaniongezea kipande chekundu kilichofumwa nusu, kikiwa bado kwenye sindano yake.

"Chukua na hiyo kamba," alisema. "Sijui Wazungu wanafungia nini."

Mama alinifundisha kufuma kwa spoku za baiskeli: kipande cha mbele, kipande cha nyuma, halafu unashona ubavuni. Hizi zilikuwa sindano mbili fupi zilizounganishwa kwa waya laini wa plastiki. Nilikizungusha kile kipande nikitafuta mshono, sikuuona. Kumbe unafuma kwa kuzunguka tu, bila kugeuka. Nikakifumua, nikabaki na sindano.

Zilibaki siku sita lori la pamba liondoke kijijini kwetu Mwamapalala na kumpeleka mdogo wangu shuleni. Nilianza kufuma kwenye foleni ya mizani ya pamba. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameshaingia, lakini foleni ilikuwa ileile.

"Mwangaluka, baba," alinisalimu mama mmoja nyuma yangu. "Mwanaume na sindano, kulikoni?"

"Sweta ya mdogo wangu, mayu."

"Mwacheni," akadakia mwenzake. "Mimi huyu ningemwoa. Nalima, yeye ananifumia."

Foleni nzima ikacheka. Nami nilicheka, na papo hapo nikaunganisha ncha mbili za mstari wa kwanza bila kuangalia kama vitanzi vyote vimelala upande mmoja wa waya.

Siku ya tatu nilimvisha. Ilikuwa imefika shubiri moja na nusu.

"Kaka, mbona imejisokota?"

Niliivuta, nikaigeuza, nikaipiga pasi ya mkaa. Kiunoni ilibaki imejipinda kama nguo inayokamuliwa. Mstari wa kwanza ukishajizungusha kwenye waya, hakuna dawa. Nilishika uzi nikaanza kufumua.

"Acha," alisema. "Nitawaambia imeibiwa."

"Utamwambia nani, na wameandika kwenye karatasi?"

Alichukua spoku za mama na donge la uzi lililobaki, akaanza kufuma mkono mmoja wa sweta. Mimi nilianza upya, na sikuweza kukaa. Nilifuma nikitembea nyuma ya ng'ombe, nilifuma nimesimama mlangoni, na kila baada ya mizunguko michache niliilaza chini kwenye mkeka kuhakikisha ukingo wote unatazama chini. Uji ulipoa nikausahau. Usingizini vidole vyangu vilikuwa vinahesabu.

Asubuhi ya safari kiwiliwili kilikuwa tayari, mkono wa kulia umeshonwa. Wa kushoto ulikuwa umefumwa lakini haujaunganishwa. Dereva alipiga honi.

"Sweta au mwanafunzi," alisema, "kimoja tu kinapanda."

Nilimvisha ilivyo, nikamtilia ule mkono kwenye begi pamoja na sindano ya kushonea yenye uzi.

"Shona njiani."

"Lori linarusha, kaka."

"Basi shona likisimama."

Alipanda juu ya mafurushi ya pamba, bega moja limefunikwa, jingine wazi. Nililifuata lori kwa miguu mpaka likaingia barabara kuu, kisha nikarudi, nikatoka tena, nikazunguka zizi bila kazi yoyote.

Barua yake ilichukua wiki mbili kufika. Mwalimu wa zamu aliwakagua wanafunzi getini mmoja mmoja. Alipomfikia yeye, alimshika bega la kushoto, akauliza kwa nini mkono huo umeshonwa ndani nje. Mdogo wangu alijibu kwamba ameushona juu ya lori. Mwalimu akauangalia tena, akamwambia apite.

Niliisoma nimesimama, halafu nikaketi.