Chupa ya Bitiruti

Kwa siku tatu nilichachusha bitiruti na nanasi kwenye chupa, kinywaji cha kutuliza tumbo, na kila nilipoona mapovu nilicheka peke yangu kama mwehu. Baba mkwe alipofika kutoka Manyoni, nikamletea. Eti nikaitikisa kwanza, kwa nguvu zote, kama mama alivyotikisa kibuyu cha maziwa kule Kinyangiri! Nikapiga goti, nikasema, “Shikamoo baba,” nikafungua kizibo.

Chupa ikalipuka puu! Kanzu yake nyeupe ikawa nyekundu kuanzia kifuani hadi magotini. Kumcheka mkwe ni aibu kubwa, nami mbavu zilikuwa zinaniuma kwa kicheko nilichokibana.

Mzee akalamba masharubu taratibu.

“Marahaba,” akasema. “Imebaki nyingine?”