Anayepanda Akinyamaza

Ninyi vijana mnaopanda njia ya Bururi siku za mapumziko, na viatu vyenu vya rangi na simu mkononi, kaeni kwanza niwaambie neno. Sitasema muache kupanda. Hata nikisema hamtasikia, na najua huko juu kunapendeza, maana nilikuona mama zenu wakiwa bado watoto wadogo au hawajazaliwa. Shule mimi sikwenda mbali, kwa hiyo sitawazungusha. Nataka mjue ile njia ilikuwa na adabu yake, na adabu hiyo ilikufaje, na nani alikufa nayo.

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya vita, mimi na mume wangu Yusufu tukiwa huko juu kabisa, mahali njia inapomaliza kupanda na kuanza kushuka kuja huku Rumonge. Nilikuwa mke kijana, mtoto wangu wa kwanza, Zuena, nimemwacha chini kwa mabukwe, yaani mama yake Yusufu. Msiniulize tulikwenda huko kutafuta nini wakati watu wanakufa. Tulitafuta chakula. Huku ziwani wavuvi walikuwa wamekatazwa kutoka usiku, ndagala hatuzioni. Mawese yalijaa kwenye mapipa na hakuna kamiyo, yaani lori, ya kuyabeba kwenda Bujumbura. Huko juu watu walikuwa na maharage na hawana mafuta. Basi mwenye kinga, yaani baiskeli kama mnavyoita ninyi, alifunga bido, yale madumu ya mawese, nyuma, akasukuma mlima wote, akabadilisha kwa maharage, akarudi. Yusufu alikuwa mmoja wao. Safari ile nilimfuata pamoja na wanawake wengine ili nibebe viazi kichwani, kwa sababu Zuena alikuwa ameanza kuvimba miguu na mabukwe alisema mtoto yule akikosa chakula mwezi huo hatafika mwingine.

Tulikuwa tumekwisha kubadilisha mafuta, tuko njiani kurudi, tukasimama pale juu kupumzika. Ziwa lote lilikuwa chini yetu, limetulia, na milima ya Kongo ng'ambo inaonekana kama mtu ameiosha. Sikuwa nimewahi kuliona ziwa namna ile. Ukizaliwa ufukweni unaliona kwa ubavu tu, hulioni lote.

“Mama Zuena, unaona nyumba yetu?” Yusufu akaniuliza, ananyoosha kidole.

“Iko wapi?”

“Ile nyeupe, pale penye michikichi.”

“Wewe muongo. Ile ni nyumba ya tajiri, yetu haina hata rangi.”

“Basi kutoka huku iko na rangi. Kaa huku huku, usishuke, utakuwa mke wa tajiri.”

Wanawake tuliokuwa nao wakacheka mpaka mmoja akashusha mzigo wake. Mwanangu, hicho ndicho kicheko changu cha mwisho na mume wangu, na nakitaja hapa ili mjue kwamba hata wakati ule watu walikuwa wanacheka. Hakikusaidia kitu.

Sasa sikilizeni adabu ya njia ile. Anayepanda ametoka chini, anajua ya chini. Anayeshuka ametoka juu, anajua ya juu. Mkikutana, lazima mpeane. “Njia iko namna gani?” Hilo lilitangulia salamu. Hata mtu mliyegombana naye shamba, hata mtu usiyelipenda kabila lake, akikuuliza njia unamjibu: kona fulani imemomonyoka, mahali fulani kamiyo imelala, kwenye daraja maji yamepita juu. Wenye kinga walihitaji jibu kuliko sisi wa miguu. Kinga yenye magunia mawili ya maharage ikishika mteremko haisimami unapotaka wewe. Breki zake zilikuwa zimekufa zamani, mtu alisimamisha kwa soli ya kandambili, anaikandamiza kwenye tairi mpaka inatoa moshi. Kwa hiyo anayeshuka alitegemea mdomo wa anayepanda. Akiambiwa kuna kitu, anateremka na kusukuma polepole. Asipoambiwa kitu, anapanda juu ya magunia na kuiachia.

Tulipoanza kushuka tukakutana na Baba Shabani, mkamuaji wa mawese kutoka Minago, mtu tuliyemjua, alikuwa amekula kwetu mara nyingi. Anasukuma kinga yake, shingo imeinama, jasho linadondoka kwenye usukani.

“Baba Shabani!” Yusufu akamwita. “Njia iko namna gani?”

Hakujibu. Aliangalia gurudumu lake, akaendelea kusukuma.

“Baba Shabani, njia?”

Akapita kati yetu. Nilisikia pumzi yake tu.

Yusufu akacheka. “Mumuache apumue. Mupando umemkula pumzi. Huyu uzee umemfika na anakataa.”

Na sisi tuliamini hivyo. Mtu yeyote wa huku angeamini hivyo, kwa sababu ule mpando unamaliza pumzi kweli, na watu wengi walijibu kwa kutikisa kichwa au kwa mkono. Mtu mgeni, asiyejua mlima, labda angeogopa. Sisi tuliozaliwa chini yake tulidhani ni pumzi.

Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Bururi. Yusufu akaniambia, “Mimi natangulia kabla ya mvua. Nitamwambia mama aweke chungu motoni.” Akapanda juu ya magunia, akaiachia kinga. Tulisikia kengele yake kona ya kwanza, tukaisikia kona ya pili.

Halafu tukasikia mtu anapiga kelele, “Hagarara!” Simama. Na tena, “Hagarara!” Na kengele inalia, inalia bila kuacha. Mpaka leo najua alikuwa anafanya nini. Alikuwa anakandamiza soli kwenye tairi kwa mguu, na kwa mkono anawaambia kwa ile kengele kwamba haisimami. Wale hawakuelewa, au walielewa. Bunduki ikalia.

Walikuwa watu gani? Sijui. Wenye bunduki wa siku zile walivaa nguo za kufanana, na kila mtu atawaambia jibu la upande wake. Mimi sina jibu. Nilichokiona baadaye ni mti mmoja uliolazwa njiani chini ya kona, mahali ambapo asubuhi ya jana yake hapakuwa na kitu.

Tulijificha kwenye mihogo ya watu mpaka mvua ilipokuja na kupita. Tulipotoka wale watu wamekwenda. Yusufu alikuwa kando ya njia, uso chini. Kinga wameichukua. Gunia moja wamechukua, lingine lilipasuka, na maharage yamesambaa kwenye matope mpaka mferejini. Wanawake wakakaa chini kulia na mimi. Halafu, mwanangu, tukaokota yale maharage. Na mimi niliokota. Mume wangu amelala pale, na mimi nafuta tope kwenye maharage moja moja na kuyatia kwenye kitenge, kwa sababu Zuena alikuwa anangoja. Hiyo ndiyo vita. Wanaowasimulia habari za ushujaa, waulizeni waliokota nini.

Tulimzika. Mabukwe hakulia mbele za watu, alipika yale maharage na kumlisha mtoto, anayapuliza kwanza yapoe.

Siku chache baadaye Baba Shabani akaja kutoa pole. Alivua kofia, akasimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. Nilimwendea na mchi mkononi. Nilimwambia, “Ulijua! Umepita pale, umeuona ule mti, na ukamwacha mume wangu aende!”

Akasema, “Nilijua.” Hakukataa. “Waliniambia nipande na nisiseme na mtu. Waliniambia wanaijua nyumba yangu Minago, na wanajua watoto wangu wako ndani.”

Nilipiga kelele majirani wote wakasikia. Mabukwe akaja, akaninyang'anya mchi.

“Wewe,” akaniambia, “Zuena angekuwa kwenye ile nyumba, ungesema?”

Nikaunyooshea mkono ule mchi, akauficha nyuma yake.

“Nakuuliza. Ungesema?”

Mpaka leo sijamjibu, na yeye amekwishakufa. Nikiwaza usiku nasema ndiyo, ningesema. Kukipambazuka sina hakika.

Lakini mabukwe hakumwacha hivi hivi yule mzee. Alimgeukia, sauti yake haikupanda. “Na weye, Baba Shabani. Kamiyo ikiharibika kwenye kona, mnafanya nini?”

“Tunatupa majani njiani, mama.”

“Kwa nini?”

“Anayekuja ajue kuna kitu.”

“Mlimani kule majani yalikuwa yamekwisha? Walikukataza mdomo. Mkono walikukataza? Ungekata tawi moja ukaliacha nyuma yako. Ungeangusha bido yako katikati ya njia, mtu aulize kwa nini imeanguka. Mwanangu angesimama. Wewe uliogopa mpaka ukasahau una mikono.”

Baba Shabani alikaa pale pale kwenye vumbi, mtu mzima, akalia kama mtoto. Mabukwe akamletea maji ya kunywa. Mimi nilitaka mabukwe ayamwage. Mzee alikunywa, akaenda, na hatukumuona tena nyumbani kwetu. Zuena alipona miguu, ndiye mama wa baadhi yenu. Mtasema basi chakula kilifika. Ndiyo, kilifika.

Msidhani nawaeleza haya ili mseme siku hizi ni amani. Nawaona mnavyopita. Mnapanda na vitu vyenu masikioni, mwenye ndizi anashuka na kinga yake anawauliza njia, hamumsikii. Mnasimama pale juu kupiga picha za ziwa, mnashuka mbio, hakuna aliyemwuliza mwenzake kitu. Bunduki zimenyamaza, na watu pia wameendelea kunyamaza, kila mmoja amebeba lake. Nilidhani vita ikiisha adabu itarudi yenyewe. Haikurudi. Mimi naona iliuawa pale kwenye kona, na sijamwona aliyekwenda kuichukua.

Kwa hiyo shikeni hili, hata kama ni ninyi peke yenu. Ukipanda, mwambie anayeshuka ulichokiona, kabla hujamwambia habari za asubuhi. Usichague kabila lake wala dini yake. Ukikatazwa kusema, tumia mkono, tupa majani, lala njiani ikibidi. Na ukiogopa, na utaogopa, ogopa ukiwa unafanya kitu. Mwenyezi Mungu awape miguu ya kupanda na macho ya kuona, awakutanishe njiani na watu wenye midomo, na awarudishe wazima kwa mama zenu. Amina.

Na wajukuu zangu walipokuja wiki iliyopita kuniaga, kinga zao zimeng'aa, wanataka kwenda kulala huko juu na kushuka kesho yake, niliwasimamisha wote uani, na mama zao, na wapishi, na mtoto anayefua, nikatoa amri moja kwa nyumba nzima: “Ukiwa unashuka, ukamwuliza anayepanda njia iko namna gani, na akanyamaza, usiseme ni pumzi. Teremka. Geuza kinga, rudi juu, omba malazi kwa watu. Na huku nyumbani mtu yeyote asimpigie simu kumharakisha, hata chakula kikilala.”