Msitu Usiokaa Kwenye Ramani

Shule niliiacha darasa la tano. Leo nina nyumba mtaa wa Cheyo, ya bati la rangi na uzio wa tofali, nina pikipiki mbili, na nina mashine ya kukamua asali ambayo watu wanatoka mbali, mpaka Kigwa, kuja kuishangaa. Sikurithi hata kijiko. Nilianza na mizinga ya magome niliyoyabandua mitini kwa mikono hii, nikaitundika mwenyewe, nikaumwa mwenyewe. Naandika haya kwanza ili ieleweke kuwa mimi si mtu wa kubabaishwa. Sasa nieleze jinsi ramani ilivyonibabaisha.

Kampuni inayonunua asali yetu na kuipeleka ng'ambo ilituma ujumbe kabla ya msimu. Kila mrina asali aingie kwenye mtandao wao, afungue ukurasa wenye ramani, achore eneo ambalo mizinga yake imetundikwa. Wazungu wanaoila wanataka kujua imetoka wapi. Asiyechora, asali yake haipokelewi. Basi. Mimi ndoo zangu zinajaa lori. Nikikosa hao, nibaki nauza kwa chupa pale sokoni na wamama wanaouza karanga? Sikuwa tayari.

Nikakaa barazani na simu. Watu waliniambia nimtafute kijana wa steshenari anichoree. Nikawaambia msitu ule nimeulala miaka yote hii, kijana wa steshenari anaujua wapi? Babu wa baba yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo kutoka hapa hadi pwani kwa miguu na akarudi, hakuna aliyemwonyesha njia kwa kidole kwenye kioo. Mimi nishindwe kuonyesha msitu wangu mwenyewe?

Ramani ikafunguka. Kijani. Kijani juu, kijani chini. Nilipoitambua mbuga yetu, ule mstari mpauko unaopita katikati ya miti, nilifurahi kama niliyekutana na ndugu ugenini. Nikaanza kuweka nukta. Nikaanzia kambini, nikaenda kwenye mninga mkubwa, nikavuka mbuga hadi kwenye miti ile ya mitundu, nikarudi tena ng'ambo hii kwa sababu mchana upepo unageuka na nyuki wa kule wanakuwa wakali, kisha nikavuka tena kumalizia. Hivyo ndivyo mimi ninavyokagua mizinga, na ndivyo kila mrina wa kwetu anavyokagua. Nikabonyeza kuhifadhi. Yakatoka maandishi mekundu: *Mistari ya eneo lako inajikata. Rekebisha.*

Nirekebishe nini? Nilichora tena, vilevile, taratibu zaidi. Mekundu tena. Nikampigia afisa wa kampuni.

"Mzee, unatakiwa uzungushe nje, kama uzio," akaniambia.

"Hakuna uzio kule. Ni msitu."

"Ndiyo, mzee wangu, lakini ramani inataka uzio."

Nikazungusha uzio usiokuwepo. Na vidole vyangu hivi vya kushika shoka, nikigusa nukta moja ramani nzima inasogea. Nikiikuza, nukta inarukia mbali. Nilipoiachia kona moja nikaikuta imetua kwenye shamba la tumbaku la mtu. Nikaivuta irudi, ikavunjika zikawa nukta mbili. Bando likaisha. Nikaweka lingine. Mke wangu akapita na sinia la mchele, akachungulia, akasema, "Baba, mbona unaongea na simu na hakuna aliyepiga?"

Hatimaye umbo likakaa, zuri, limefunga. Nikahifadhi. Mekundu: *Sehemu ya eneo hili imekwisha kusajiliwa na mtu mwingine.* Na ramani ikanionyesha duara kubwa la rangi ya chungwa, limemeza kambi yangu, mninga wangu, kila kitu. Nikaligusa. Likatoka jina la shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa.

Nilipanda pikipiki hadi kwake Kitete bila hata kuvaa kofia. Nilimkuta uani anakunywa chai.

"Shemeji, umeniibia msitu."

"Karibu chai kwanza, mwizi hanyimi mtu chai."

"Sitaki chai. Kwa nini umezungusha na miti yangu?"

"Sasa ningefanyaje? Mizinga yangu iko mwanzo wa msitu na mwisho wa msitu. Yako iko katikati. Niiruke kama nachambua mawe kwenye mchele?"

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Kwetu mrina hana ardhi, ana miti. Ukitundika mzinga, unachanja alama yako kwenye shina, na mti huo ni wako hata kama unaofuata ni wa mwenzako na unaofuata huo ni wako tena. Mimi na shemeji tumechanganyika msitu mzima hivyo, na hatujawahi hata kununiana. Sijawahi kujiuliza mpaka wangu uko wapi. Hakuna. Mnyama akipasua mzinga wa shemeji, mimi ndiye ninayempa taarifa. Akikuta wangu umeanguka, anauinua. Sasa ukurasa wa watu wasioujua hata mti mmoja wa kwetu unatutaka tugawane kwa mstari.

Tukajaribu. Tuliketi pale uani, vichwa viwili juu ya simu moja. Tulifuta duara lake. Tukamzungushia kila mtu miti yake, kaduara hapa, kaduara pale, kama mtu mwenye surua. Mekundu: *Eneo ni dogo mno.* Tukagawa katikati kwa mbuga. Nusu ya mizinga yangu ikawa kwake, na robo ya yake ikawa kwangu, na chini ya ukurasa kuna sehemu ya kuapa kwamba maelezo ni ya kweli. Shemeji, ambaye ni mzee wa kanisa, akaondoa kidole.

"Mimi siapi hapo," akasema.

"Basi tuchore msitu wote, mara moja, uwe wetu wote wawili."

Tukauchora. Ukakubali! Ukageuka kijani, nikapiga meza. Halafu ikaja sehemu ya jina la mwenye eneo. Kisanduku kimoja. Nikaandika majina yote mawili, kikakataa. Kinataka jina moja linalofanana na kitambulisho, na namba moja ya simu.

"Andika langu," nikasema. "Ndoo zangu ni nyingi."

"Nani alikuonyesha msitu huo?" akauliza shemeji. "Si mimi?"

"Ulinionyesha miti mitatu!"

"Na ya nne uliitoa wapi, mbinguni?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Dada yangu alikuwa jikoni anatusikiliza muda wote. Akatoka anajifuta mikono kwenye kanga.

"Niandikeni mimi," akasema. "Mmoja ni mume wangu, mmoja ni mdogo wangu. Mkibaki hivi mtakuja kulumbana kwenye chakula changu."

Dada yangu anaogopa nyuki. Kambi ya asali hajawahi kuiona. Kwetu wanawake hawaendi kambini. Lakini siku ya mwisho ya kusajili ilikuwa imekaribia, na shemeji alikuwa ameshaanza kuandika jina la mkewe. Nikamtajia na namba ya simu ya dada. Tukahifadhi, na ukurasa ukatushukuru.

Msimu ulipofika nilipeleka ndoo zangu kituoni, safi, zimefunikwa vizuri, hakuna asali kama ile Uyui nzima. Afisa akafungua kompyuta yake.

"Mwenye eneo yuko wapi?"

"Ni mimi. Yaani, ni dada. Lakini asali ni yangu."

"Anatakiwa yeye athibitishe, mzee. Namba ya siri inaenda kwenye simu yake."

Ndoo zikabaki juani. Nikampigia dada, akasema yuko kwenye mazoezi ya kwaya, wakimaliza atakuja. Wadogo zangu katika kazi hii, watu niliowafundisha kuwasha moshi, wakapima zao wakaondoka wananipungia. Dada alifika kwa bodaboda na sare yake ya kwaya. Afisa akainuka, akampa kiti chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Eti kuna nini na msitu wangu?"

Akamgeuzia kompyuta amwonyeshe. Dada akavaa miwani, akalitazama lile umbo la kijani kwa makini, msitu mzima niliokonda kwa ajili yake, kisha akanigeukia mimi.

"Kumbe ni padogo hivi? Sasa huwa unachelewa wapi wiki nzima?"

Afisa akacheka. Dada akasoma namba, ndoo zangu zikapita kwenye mizani, na juu ya kila kifuniko wakabandika karatasi yenye jina lake.